Fito na Mafundo: Mazungumzo juu ya Uundaji wa Magari ya Kompyuta



Nimepewa wasaa huu nizungumze nanyi juu ya kazi ambayo vijana wetu wengi huifanya majumbani, mbele ya kioo cha kompyuta, aghalabu usiku watu wa nyumba walipokwisha kulala, na ambayo wazazi wao, kwa kuwa huiona imefungamana na mchezo, huihesabu kuwa ni mchezo tu. Kazi yenyewe ni kuunda magari: magari yasiyo na chuma wala mpira, yanayokwenda katika barabara zisizo na vumbi, lakini ambayo muundaji wake hulazimika kuyajua maungo yake, uzito wake na tabia zake kuliko madereva wengi wanavyoyajua magari wanayoyaendesha kutwa kutafuta riziki. Nakusudia kuonyesha kwamba huu ni ufundi kamili, wenye kaida zake na mizani yake, na kwamba sehemu yake iliyo bora ni ile ambayo mtazamaji haioni.

Michezo ya kuendesha magari ni mingi, na mingi katika hiyo humruhusu mchezaji kuongeza magari ya kwake, ambayo vijana huyaita modi. Wako waliojishughulisha na malori ya Euro Truck Simulator 2, mchezo uliotolewa mwaka 2012 na SCS Software ya Prague. Wako walioshika magari ya mashindano ya Assetto Corsa, mchezo wa Kitaliano wa mwaka 2014. Na wako wanaochora mabasi ya kwenye simu, ambao nitawarudia baadaye kwa kuwa wako karibu nasi zaidi. Lakini jioni hii nitashika mchezo mmoja hasa, uitwao BeamNG.drive, wa mji wa Bremen huko Ujerumani, kwa sababu ndani yake uundaji wa gari haukubali njia ya mkato.

Insafu yataka nieleze sababu. Katika michezo mingi gari ni kitu kimoja kigumu kisichokuwa na ndani, na likigonga ukuta programu hutazama katika hazina ya majeraha yaliyochorwa zamani, ikachagua moja, ikalibandika. Boneti iliyokunjika ilikwisha kuchorwa na mtu fulani kabla mchezaji hajaununua mchezo wenyewe. Katika BeamNG hakuna boneti iliyochorwa ikiwa imekunjika. Boneti hukunjika kwa sababu kitu kimeisukuma kwa nguvu iliyozidi uwezo wake, hukunjika pale iliposukumwa na kwa kadiri ilivyosukumwa, na hata migongano miwili iliyokaribiana sana huacha makunyanzi tofauti.

Asili ya mambo haya ni mwaka 2005, pale Pierre-Michel Ricordel alipotoa mchezo ulioitwa Rigs of Rods, ambao malori yake yaliyumba, yakapinda na kukatika kwa kuwa yote yaliundwa kwa vijiti vilivyounganishwa. Akautoa bure, na baadaye maandishi ya programu yenyewe yakafunuliwa kwa kila atakaye kuyasoma. Baadhi ya waliokuja kuulea mchezo huo ndio walioanzisha kampuni ya Bremen, wakatoa kielelezo cha kwanza cha BeamNG.drive mwaka 2013 na kuuweka katika duka la mtandaoni la Steam mwaka 2015, ungali ukiendelea kutengenezwa. Fikra ya kuligonga gari ndani ya hesabu ni kongwe kuliko hapo: tangu katikati ya miaka ya 1980 viwanda vya magari vya Ujerumani vilikuwa vikifanya hivyo ili vijue gari litavunjika namna gani kabla ya kuligonga kwa kweli, na mgongano mmoja usiofika sekunde uliishughulisha mashine kubwa kwa saa nyingi. Ujasiri wa Ricordel na waliomfuata ulikuwa katika kuridhia hesabu iliyo sahili zaidi, iwezayo kufanywa papo kwa papo, huku dereva ameshika usukani.

Sasa tuingie ndani ya gari. Msikilizaji aliyepata kuona nyumba ya pwani ikijengwa kabla haijakandikwa udongo, nguzo zimesimama na fito zimefungwa kwa kamba juu yake, hata mtu akaweza kutazama kupitia ukuta upande hadi upande, amekwisha kuiona sura ya gari hili kabla halijavikwa ngozi: kila palipofungwa kamba pana fundo, na baina ya fundo na fundo pana ufito. Gari moja lililoundwa vizuri lina mamia ya mafundo na maelfu ya fito. Fundo ni nukta katika anga. Halina urefu wala upana, ila lina mahali na lina uzito, na mahali pake hutajwa kwa tarakimu 3, ya kwanza ikieleza umbali wa kushoto au kulia, ya pili umbali wa mbele au nyuma, na ya tatu kimo. Kaida ya mafundi wa Bremen ni kuhesabu kushoto, nyuma na juu kuwa upande wa kuongeza, jambo ambalo humtaabisha mwanafunzi mwanzoni, kisha likamkaa akilini asilisahau tena. Uzito wa gari, kwa hiyo, haupo mahali popote kama tarakimu moja iliyoandikwa. Hupatikana kwa kujumlisha uzito wa mafundo yote, na muundaji aliyeweka uzito mwingi nyuma bila ya kuutafakari atauona usukani wake ukiwa mwepesi wa kutisha katika kona ya kwanza.

Ufito nao hupewa sifa zake. Hupewa ugumu, yaani nguvu ambayo utapinga nayo ukivutwa au ukibanwa. Hupewa utulivu, ambao huufanya uache kutetemeka baada ya kuvutwa, kwa kuwa ufito usio na utulivu ungechezacheza milele. Hupewa kiasi cha nguvu ambacho ukikizidi hupinda na usirudi katika urefu wake wa asili. Na hupewa kiasi kingine, kikubwa kuliko hicho, ambacho ukikizidi hukatika. Kompyuta huzipitia fito zote na kufanya hesabu zake mara 2,000 katika kila sekunde moja. Mambo yote tuyaonayo katika gari lile, mtikisiko wake juu ya mawe, kuinama kwa pua yake breki zinapokanyagwa, mlango unaokataa kufunguka baada ya ajali, yote hayo hayakuandikwa na mtu. Yamezaliwa na sifa hizo 4 za ufito na uzito wa fundo.

Na hapa ndipo unapomkuta mwanafunzi msiba wake wa kwanza. Gari alilolimaliza kwa taabu ya majuma huliweka juu ya ardhi tambarare, halijaguswa na mtu, injini haijawashwa. Mara hutetemeka, na kabla hajatambua kinachotokea, limeparaganyika vipande vyake vikaruka angani. Wengi hukata tamaa siku hiyo, na ni hasara, kwa sababu tukio hilo lina maarifa mengi kuliko mafanikio ya siku kumi. Baina ya hesabu na hesabu hupita sehemu moja ya 2,000 ya sekunde, na katika muda huo fundo huenda kwa mwendo liliopewa bila ya kuulizwa tena. Ikiwa fundo ni jepesi na ufito ni mgumu mno, nguvu ya ufito hulisukuma fundo likapita mahali pake pa kutulia. Hesabu inayofuata hulikuta limepita, hulirudisha kwa nguvu iliyozidi, likapita upande wa pili kwa umbali mkubwa kuliko wa kwanza. Na kosa linalokua hivyo mara 2,000 kwa sekunde halina mwisho ila kupasuka. Dawa yake ni kuliongezea fundo uzito, au kuupunguzia ufito ugumu, au kuzipunguza fito zinazokutana katika fundo lile, kwa kuwa fito nyingi za wastani zikishika fundo moja jepesi, huwa na athari ileile ya ufito mmoja mgumu kupita kiasi.

Mwanafunzi hufika katika msiba huo kwa kudhani kwamba gari huwa imara kwa ugumu wa fito zake. Seremala yeyote angemwambia vingine. Mbao 4 zilizopigiliwa misumari katika pembe nne, ziwe nene kiasi gani, zitalala upande zikisukumwa. Ubao mwembamba ukipigiliwa kutoka pembe hadi pembe, zile mbao 4 zimekwisha kuwa pembetatu mbili, na pembetatu haiwezi kubadili umbo lake mpaka kiungo chake kimoja kipinde au kikatike. Uimara wa gari la mchezo, sawasawa na uimara wa daraja la chuma au paa la msikiti, hutoka katika mpangilio wa pembetatu zake. Kijana anayelijua jambo hili kwa mikono yake, akiwa ameliona gari lake likilala ubavu kwa kukosa ufito mmoja wa mshazari, amejifunza sehemu ya uhandisi ambayo wenzake huisoma vitabuni na kuisahau baada ya mtihani.

Tuchukue mfano, nao nitauchukua nyumbani. Kuna gari la abiria la Unguja, lile la bodi ya mbao, lililojengwa juu ya chesisi ya lori, lenye ubavu ulio wazi, viti viwili virefu vilivyotazamana, na paa bapa juu yake ambapo hupakiwa magunia, mikungu ya ndizi, baiskeli na kila kinachokwenda Nungwi au Makunduchi. Fikirini kijana anataka kuliunda gari hilo katika BeamNG. Kazi yake ya kwanza haimo katika kompyuta hata kidogo. Ni kuomba ruhusa kwa mwenye gari, kuchukua kipimo cha futi, na kulipima: baina ya ekseli na ekseli, baina ya tairi na tairi, kimo cha chesisi kutoka chini, kimo cha paa, unene wa nguzo, umbali wa kila nguzo na mwenziwe. Atalala chini ya gari atazame springi, na fundi atakayemkuta hapo atamfundisha zaidi kuliko kitabu chochote.

Kisha huja chaguo la tarakimu, na humo mna hukumu ya muundaji. Chesisi ni vyuma viwili virefu vyenye vyuma vya kukingama. Mafundo yake yatakuwa mazito na fito zake ngumu, zenye kupinda mapema na kukatika kwa shida, kwa kuwa ndiyo tabia ya chuma: hukunjika, hukaa katika mkunjo wake, na bado hushikana. Mbao ni kinyume chake. Ubao huyumba, hurudi, huyumba, hurudi, kisha siku nguvu ikizidi huvunjika mara moja pasipo kukunjika. Kwa hiyo fito za nguzo na paa zitapewa ugumu wa wastani, na kile kiasi cha kupinda kitasogezwa karibu sana na kile cha kukatika, ili gari likipata ajali mbao zivunjike kama mbao. Mtu akizitia fito za bodi tarakimu za chuma, gari lake litapendeza machoni na litakwenda vizuri. Lakini siku litakapogonga mwembe, paa litakunjamana kama bati, na kila aliyewahi kulipanda gari la Unguja atajua kwamba aliyeliunda hakulitazama.

Kadhalika bodi hii haikuzaliwa pamoja na chesisi; imefungwa juu yake kwa bolti, na bolti zina nguvu yake mbali. Fito zinazounganisha mbao na chuma zitapewa kiasi chake cha kukatika, ili mgongano mkali uweze kuing'oa bodi na kuiacha chesisi. Halafu springi. Gari lililofungwa springi za kubebea mzigo, za vyuma vilivyopangwa juu kwa juu, huruka na kumtesa abiria likiwa tupu, na hulainika likijaa watu; hili hulijua kila aliyepanda gari la kwanza alfajiri na gari la mwisho magharibi. Muundaji atajaribu gari lake tupu, kisha atalitia uzito wa watu na magunia, na ikiwa mwendo wake haukubadilika kati ya hali hizo mbili, springi zake bado. Mzigo ulio juu ya paa nao hupandisha mahali ambapo uzito wote wa gari hujikusanya, na gari likaegemea nje ya kona zaidi ya ilivyotarajiwa. Katika magari yaliyoundwa na kampuni yenyewe limo moja la magurudumu 3, liitwalo Ibishu Pigeon, ambalo huanguka ubavu katika kona ambayo mengine hupita bila ya wasiwasi; namshauri kila mwanafunzi aliendeshe hilo kwanza, kisha afungue faili lake asome mafundo yake mazito yako wapi.

Injini huandikwa kama jedwali: upande mmoja mizunguko ya injini kwa dakika, upande wa pili nguvu ya kuzungusha inayotoka katika mizunguko hiyo. Ya dizeli hutoa nguvu yake kubwa mapema, mizunguko ingali michache, kisha ikachoka. Ya petroli hupanda polepole na kustawi juu. Jedwali la mistari kumi tu, likiandikwa kwa uaminifu, humfanya dereva abadilishe gia pale ambapo dereva wa kweli angebadilisha. Sitakaa sana hapa, kwa kuwa habari za injini vijana wetu huzijua, na mara nyingi huzipenda kupita kiasi: mmoja huchukua gari zuri, akalitia injini yenye nguvu ya lori, akaridhika. Aliyefanya hivyo amebadilisha mstari mmoja. Asijidhanie ameunda gari.

Majaribio ndiyo yanayokula muda. Gari husimamishwa kwanza mahali tambarare likaachwa, lionekane kama linatulia. Kisha huendeshwa taratibu, likasimamishwa ghafla, likapandishwa mlima, likashushwa, likapitishwa juu ya matuta. Na mwisho hugongwa, kwanza kwa mwendo mdogo, kisha kwa mkubwa, na kila mara muundaji hurudi katika tarakimu zake kurekebisha. Naomba nitoe hadhari moja hapa. Kwa kuwa tarakimu zile zilichaguliwa na muundaji, ajali ya gari lake haiwi ithibati juu ya gari la kweli, na mtu asisimame mbele ya watu akasema kompyuta imethibitisha gari fulani ni salama au si salama. Lakini aliyekwisha kutazama, mara nyingi na kwa makini, jinsi mwili wa gari unavyopokea kishindo na jinsi mwendo ukiongezeka kidogo kishindo kinavyoongezeka sana, hawezi kuketi katika basi la mkoani linalofukuzana na jingine akanyamaza kama alivyokuwa akinyamaza zamani. Katika nchi zetu, ambazo barabara zimewazika watu wengi mno, hili peke yake lingetosha kuifanya kazi hii ipewe heshima.

Baada ya mifupa kukubali, ndipo huja ngozi. Ngozi huchorwa katika programu ya kuundia maumbo, na ambayo wengi huitumia ni Blender, nayo ina historia inayostahiki kutajwa. Kampuni iliyokuwa ikiimiliki ilipofungwa, muundaji wake, Mholanzi Ton Roosendaal, alifanya makubaliano na waliowekeza fedha zao kwamba wakilipwa euro 100,000 watairuhusu iwe mali ya watu wote. Mwaka 2002 watu waliokuwa wakiitumia walichanga fedha hizo kwa majuma machache, na tangu hapo kila mtu, awe Amsterdam au Tandika, huipata bila ya ijara. Ngozi iliyochorwa humo haina nguvu yoyote yake yenyewe. Hufungwa katika mafundo yaliyo karibu nayo, na mafundo yakienda, nayo huenda. Fundi asiye makini huifunga ngozi ya mlango katika mafundo ya ubavu, na mlango ukifunguliwa, bati lake hunyooka kuanzia nguzo hadi ukingo kwa namna isiyopendeza.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tunaijua ngozi ya gari. Nairobi kuna karakana zinazopokea chesisi tupu ya Isuzu na kuijengea bodi nzima ya matatu, kisha wachoraji wakaivika rangi, sura za watu mashuhuri na maandishi, hata gari moja likawa tasnifu ya sanaa inayopita barabarani; na mafundi wale, kwa maoni yangu, ni ndugu kamili wa waundaji ninaowazungumzia. Si ajabu basi kwamba mchezo wa Bus Simulator Indonesia, uliotolewa na kampuni ya Maleo mwaka 2017 kwa ajili ya simu, uliwapata vijana wa Tanzania na Kenya wakiwa tayari. Mchezo huo humpa mchezaji picha ya bodi iliyotandazwa bapa, naye huipaka rangi anazotaka na kuirudisha, basi likatoka limevaa sura ya basi la Mwanza au la Mombasa. Na aliyesonga mbele huweza kuleta umbo zima alilolichonga mwenyewe. Nimewaona vijana wakibishana kwa ukali juu ya mahali hasa ambapo mstari mwekundu hukata dirisha katika basi la njia fulani, na ubishi huo ulinifurahisha, kwa kuwa mtu habishani hivyo juu ya kitu asichokitazama kwa mapenzi.

Ninachowaomba ni wavuke kutoka katika rangi waingie katika fito. Najua udhuru uliopo: BeamNG inataka kompyuta yenye nguvu, na bei ya kompyuta hiyo ni kubwa kwa mtoto wa mwalimu au wa mvuvi. Lakini faili la mifupa ni maandishi matupu, majina na tarakimu zilizopangwa katika safu, huandikwa katika programu duni kabisa ya kuandikia, na Blender hukubali mashine ya wastani. Vijana watatu wakishirikiana kompyuta moja yenye nguvu, kila mmoja akaandika kwake na wote wakakutana kujaribu, watafika. Shule za ufundi nazo zingeweza kufungua mlango huu kwa gharama isiyofika ile ya injini moja ya kufundishia.

Kuna neno la adabu ambalo sitaliacha. Katika BeamNG gari hugawanywa katika nafasi: pana nafasi ya boneti, ya bampa, ya injini, ya viti, na kila kipande hutangaza kinaingia katika nafasi gani. Kwa mpango huo mtu huweza kuliundia gari la mwenziwe bampa mpya bila ya kugusa mstari hata mmoja wa kazi ya asili, na modi yenyewe hukaa katika faili lake mbali, ikiondolewa kila kitu hurudi kilivyokuwa. Huu ni mpango wa watu waliofikiri juu ya amana. Wapo lakini wanaochukua umbo la gari lililochongwa na mtu mwingine kwa mchezo mwingine, wakalihamisha, wakafuta jina lake na kuandika lao. Na wapo wanaoliuza. Umbo la gari zuri huchukua miezi. Aliyelichonga akisema lisihamishwe, lisihamishwe. Akisema lihamishwe kwa sharti la kutajwa, atajwe mwanzoni kabisa, mahali ambapo kila mtu atasoma. Kijana wetu aingiaye katika ufundi huu akiwa na jina safi atasaidiwa na watu asiowajua, wa mataifa mengi, ambao hukaa usiku kumweleza kwa nini gari lake linatetemeka. Aingiaye kwa wizi milango hiyo hufungwa, na ni haki ifungwe.

Kampuni ya Bremen, ili isiingie katika mashauri ya hakimiliki, haikutumia majina ya viwanda vya kweli. Imejibunia viwanda vyake, Gavril, Ibishu, ETK na vinginevyo, kila kimoja na nchi yake, zama zake na tabia zake, hata mchezaji mzoefu akiona taa za nyuma tu hujua gari ni la kiwanda gani na la miaka ipi. Hilo hunipeleka katika fikra ambayo nimekuwa nayo muda mrefu. Nchi zetu zimewahi kuunda magari. Kibaha, katika miaka iliyofuata 1978, Tanzania ilianzisha kituo cha Nyumbu, ikatengeneza malori yenye jina hilo. Kenya ilionyesha Nyayo Pioneer mwaka 1990, kazi iliyoshirikisha Chuo Kikuu cha Nairobi, na gari hilo halikufika kuuzwa kwa watu. Uganda, wanafunzi na walimu wa Makerere walitoa Kiira EV mwaka 2011, gari dogo la watu wawili liendalo kwa umeme. Magari hayo yamo katika picha, na wengi wa watoto wetu hawajapata kuyasikia.

Ningependa kuona kundi la vijana, wa nchi moja au wa zote tatu, wakiyatafuta magari hayo yalipo, wakaomba ruhusa kwa wanaoyatunza, wakayapima, wakauliza uzito wa injini na urefu wa chesisi, wakaketi kuyaandika fundo kwa fundo. Waanze na Nyumbu, kwa kuwa lori ni sahili kuliko gari dogo: chesisi yake iko wazi, ekseli zake ni nzima, na bodi yake ina pembe ambazo kijana aweza kuzipima kwa futi moja na rafiki wa kushika upande wa pili. Waliandikie nafasi ya bodi, ili mwingine aweze baadaye kulitia bodi ya mizigo, na mwingine bodi ya mbao ya Unguja. Likikamilika walitoe bure, na majina ya walioliunda kwa kweli yaandikwe juu ya majina yao.